Mateka wa Kassim

Juzi niliiona tena ile filamu ya kuchekesha ya mfungwa mtoro aliyemshika mwanamke mateka, na safari hii niliitazama hadi mwisho. Utotoni, kule Shella, Mama aliizima katikati, adhana ya alasiri ilipoingia, akatoka.

Binamu yangu Kassim akasema tuimalizie wenyewe. Akanifunga kwenye nguzo ya uani kwa leso ya Mama iliyonukia udi.

"Mateka hajifungui," akaniambia. "Ngoja nikaswali, nitarudi."

Nilimwamini. Nikasimama juani, viazi karai vya jirani vinanukia, na sauti ya Kassim naisikia uwanjani akicheza mpira. Fundo lenyewe lilikuwa legelege. Ningelivuta mara moja tu, lingefunguka. Mama alirudi magharibi akanikuta nimejikojolea, na Kassim akanicheka mwaka mzima.

Kumbe kwenye filamu mateka alijifungua mapema, akaondoka na gari la mtoro.

Ijumaa Kassim anaoa. Bibi harusi ni shoga yangu, na mlango wa chumba chake, ambao bwana harusi hafunguliwi mpaka wanawake waridhike na zawadi zake, nimepewa mimi niushike.

Nitamwambia angoje kidogo, naenda kuswali, nitarudi.