Seva Iliyonikataa Kitengela

Mbuzi wa mama walikuwa tayari ndani ya lori, hapa Kitengela, na mnunuzi alishika mlango kama mtu anayetaka kubadilisha nia. Alitaka rekodi za chanjo. Bila rekodi, mbuzi washuke.

Mama ni daktari wa mifugo. Rekodi zake ziko kwenye seva, huko kliniki yake Kajiado, ndani ya virtual machine, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine kama kupe. Stima ilikuwa imepotea asubuhi ikarudi. Kompyuta kubwa iliamka, kupe akabaki amelala. Kazi yangu ilikuwa kumwamsha kwa laptop. Rahisi! Nilikuwa nimeringia darasa zima na hiyo kitu.

Nikabonyeza. "Access denied."

Mimi? Mimi ndiye niliiweka hiyo seva! Nikaandika password tena, polepole kama mtoto wa nursery. Access denied. Nikazima laptop, nikawasha. Wapi!

"Daktari," mnunuzi akauliza, "huyu fundi wako amefika darasa gani?"

"Form three," mama akasema. "Na akiendelea hivi atabaki huko."

Nikampigia kokoo, nyanya yangu, kwa video. Yeye ndiye hukaa kliniki mama akitoka. Na kwa kokoo huwezi kuanza na shida.

"Takwenya, kokoo," nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko. Umekula? Hao mbuzi wamekunywa maji?"

Wamekunywa, nimekula, kila mtu ni mzima. Ndio akageuza simu nione skrini. Kwa kona ya chini: 4:10. Laptop yangu: 10:10. Asubuhi moja, jua moja! Kompyuta zikipishana saa hivyo, seva inakuona tapeli, inakufungia nje.

"Kokoo, nani ameshika hiyo saa?"

"Ni mimi. Stima iliiharibu, ikaandika kumi. Saa kumi si watu wanarudisha mbuzi nyumbani? Nikaweka nne, kama yangu ya ukutani."

"Nani alikufundisha kubadilisha?"

"Si ni wewe, likizo ya Aprili? Ulisema nibonyeze tu, haiwezi kuniuma."

Mama akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa hivyo hata na fahali.

"Irudishe, kokoo."

"Niandike uongo kwa kliniki ya binti yangu?"

Mama akachukua simu, akamsihi mamake. "Yeyo, tafadhali. Wacha idanganye, hawa mbuzi waende."

Kisha tukasikia akibonyeza, akitulalamikia kwa Kimaasai.

Nikajaribu tena, jicho moja limefungwa. Ikafunguka! Kupe akaamka, rekodi zikaja. Mnunuzi akasoma, akasoma tena, akafunga mlango mbuzi wakiwa ndani.

Tulipofika Kajiado, kona ya skrini ilikuwa imezibwa na ile plasta mama hufunga nayo miguu ya mbuzi.

"Inaweza kudanganya," kokoo akasema, "lakini si mbele ya watu."