Mbao za Mama

Msumeno ulipogusa mutamaiyu, mzeituni wa mwituni, karakana yetu ya Dagoretti ilijaa harufu tamu yenye ukali kidogo, na vumbi lake lilitukaa kooni hadi wakati wa chakula. Baba alikuwa seremala, na alisema mti huo ni mkaidi: mzito, mgumu hadi unaifanya randa kuwa butu, na ukiukausha kwa pupa unapasuka. Lakini ukiuvumilia, unakutuza kwa mistari myeusi inayopindapinda juu ya rangi ya asali. Mbao sita za mti huo zilikuwa za Mama. Babu, baba yake, alimpa gogo lililoangushwa na upepo shambani mwake. Baba akalipasua, akapaka rangi kwenye ncha za mbao ili zisipasuke, akazilaza kivulini miaka mitatu. Zingekuwa kabati la vyombo. "Mvumilivu hula mbivu," alimwambia Mama kila alipouliza.

Likizo moja, nikiwa na miaka tisa, mama mmoja wa Muthangari alikuja kutafuta meza. Baba alimwonyesha mbao za mvule, naye hakuvutiwa. Mimi, kwa kutaka sifa, nikamwagia maji ubao mmoja wa Mama na kuupangusa kwa kiganja, mistari ikang'aa. Yule mgeni akainama. "Nataka hii," akasema. Baba alinitazama, akazitazama mbao, kisha akachukua futi akaanza kupima.

Mama alirudi jioni kutoka sokoni akazikuta zimeshakatwa.

"Baba Njeri, hizi si ni mbao zangu?"

"Nitakutafutia zingine."

"Za baba yangu utazitoa wapi?"

Babu tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Baba aliendelea kupiga randa. Mama akaingia ndani, akapanga sahani juu ya katoni kama kawaida, na sikumsikia tena akilitaja kabati.

Baba alifariki bila kuzipata hizo zingine. Siku hizi Mama anaishi nami Mountain View. Nilimnunulia kabati la dukani, la unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi; mvuke wa jikoni umelivimbisha, milango haifungi. Enzi zile fundi alijua mti ulisimama katika shamba la nani. Leo hata muuzaji hajui anauza mti gani. Ningependa basi kusema kwamba zamani tulikuwa bora.

Mwezi uliopita nilikiri kwake. "Mama, ni mimi nilimwonyesha yule mgeni mbao zako."

Hakuacha kuchambua maharagwe. "Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Baba yako alijua ni za nani."