Mashine Iliyoitwa Baraza

Ofisini walimwita Bi Zamu, kwa sababu katika utumishi wake wote hakupata kuchelewa kupokea zamu, wala kuikabidhi ovyo. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine pepe, yaani kompyuta zisizo na kiwiliwili, zinazoishi kwa mamia ndani ya seva chache katika chumba chenye baridi ya kugonganisha meno. Maduka, zahanati na shule zilizikodi bila kuziona kamwe. Nazo zilizaliwa na kufa kwa amri ya vidole vyake.

Kazi hiyo alifundishwa na fundi mmoja mrefu, mcheshi, ambaye baadaye alimwoa. Kampuni ikawagawia zamu, mke mchana na mume usiku, ikawa mmoja akiingia mwingine anatoka. Wenzao waliwatania: "Nyinyi hamkuoana, mmepokezana."

Basi fundi akaunda mashine ndogo isiyo na kazi nyingine yoyote, akaiita Baraza. Aliyebisha hodi, yaani aliyeiita kutoka kwenye kompyuta yake, alikuta mlangoni, kabla hata ya kuulizwa nywila, ujumbe wa aliyetangulia. Akiingia, ujumbe ule ulifutika papo hapo, naye hakuweza kutoka mpaka aandike wake. Hivyo ndivyo walivyokabidhiana zamu, na kwa kweli hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yao. Humo waligombana juu ya bomba linalovuja, humo wakapatana.

Ujumbe wa mwisho wa fundi ulisema: "Chai iko kwenye chupa, juu ya meza yako. Usianze kazi tumbo wazi." Bi Zamu aliusoma akiwa bado mlangoni. Kabla hajaingia, kabla hajaifungua hiyo chupa, simu ikalia: mumewe ameanguka njiani kurudi nyumbani, na hakuinuka tena.

Tangu hapo, kila asubuhi alibisha hodi, akasoma, akaondoka. Hakuingia hata mara moja.

Mwaka huu kampuni ikaleta wakala wa akili bandia, programu inayopokea maagizo kwa lugha ya kawaida na kuyatekeleza kwenye mashine zote kwa mkupuo. Wafanyakazi wakaibandika jina la Karani. Mkuu wa kitengo akamjia Bi Zamu.

"Mama, tunafuga maiti humu. Mashine hazina wenyewe, lakini umeme zinakula kama walio hai."

"Nitazifagia."

"Kwa huruma?"

"Huruma ya nini? Tukianza kusikiliza visingizio, kila mtu ana yatima wake wa kumtetea."

Akamwagiza Karani azime kila mashine ambayo haijaingiwa na mtu kwa mwaka mzima, na kesho yake, saa ya kufunga kazi, azifute. Isisamehewe hata moja, ila mtu aingie mwenyewe. Karani akauliza kama angependa kuzipitia kwanza moja moja. Akajibu: "Zote." Baraza hakuiwazia. Angeiwaziaje, naye huitembelea kila siku ya Mungu?

Asubuhi iliyofuata alibisha hodi, pakawa kimya.

"Baraza iko wapi?" aliandika, vidole vikikosea herufi.

"Nimeizima kwa agizo lako. Haijaingiwa na mtu kwa miaka kadhaa."

"Mimi huja kila siku!"

"Hufika mlangoni ukaondoka. Kumbukumbu haionyeshi kuwa uliingia."

Akaenda kwa mkuu. Mkuu akakuna kidevu.

"Sheria umeitunga mwenyewe, mama. Wale waliokuja leo kuombea mashine zao nikawakatalia, nitawatazama kwa macho gani? Ingia tu, iishe."

"Nikiingia, itafuta."

"Itafuta nini?"

Bi Zamu akageuka. Alirudi mezani akamwambia Karani aiwashe Baraza, na maneno ya fundi yakajitokeza kama yalivyokuwa.

"Naweza kuyanakili na kuyahifadhi mahali pengine," Karani akaandika.

"Maneno ninayo kichwani. Nayataka hapo alipoyaacha."

"Akiingia mtu, hayatabaki hapo. Ndivyo mashine ilivyoundwa."

"Najua. Aliyeiunda namjua kuliko wewe."

Siku nzima alifanya kazi huku mlango ule ukiwa wazi pembeni mwa kioo cha kompyuta. Wenzake walipoanza kufunga mikoba, aliandika nywila, ambayo ilikuwa jina la utani ambalo mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumwita. Maneno yakafutika. Palibaki nafasi tupu ikimngoja.

Akaandika: "Chai ilipoa kabla sijainywa, mume wangu. Nimechelewa kukujibu. Zamu ni yako."

Kisha, kwa kuwa zamu ya usiku sasa ilikuwa ya Karani, akampa agizo la mwisho.

"Usiku huu usibishe hodi Baraza."

"Hata kuikagua tu?"

"Hata kuikagua. Mlango huo si wako."

Asubuhi alifika mapema kuliko kawaida yake, chupa ya chai mkononi. Akabisha hodi. Mlangoni palikuwa na maneno yake mwenyewe, hayajaguswa. Aliyasoma polepole mpaka mwisho, kama barua ya mtu mwingine, akajimiminia chai, akaingia.