Wachina wa Kabatini

Katika nyumba ya Riyadh tulikuwa wafanyakazi wawili, mimi Mkenya na mwenzangu kutoka Ufilipino, tukielewana kwa Kiarabu chetu cha jikoni. Madam alikuwa na kabati la vikombe vya kauri. Vilitengenezwa Ujerumani zamani sana, lakini vilichorwa Wachina tu: mzee chini ya mwavuli, ndege mkubwa kuliko nyumba, binti akimimina chai. Madam alipenda kuwaambia wageni kwamba waliovichora hawakuwahi kukanyaga Uchina.

Mwenzangu vilimchekesha. "Mchina gani huyu, dada? Pua ya Mzungu." Mimi nikamwambia yule binti ni yeye kabisa, na tangu hapo nikawa namwita Mchina. Alinisahihisha mara nyingi, mwishowe akachoka. Naona haya hata kuliandika hilo, na bado sijafika penyewe.

Kupangusa vikombe ilikuwa kazi yake, kwa kitambaa kikavu. Siku moja madam ametoka, mwenzangu anapiga pasi, nikaona kikombe cha yule binti, dhahabu ya ukingoni imefifia. Mimi nimelelewa kwamba mwanamke hupimwa kwa jinsi sufuria zake zinavyong'aa. Basi nikachukua waya wa sufuria na sabuni, nikasugua kwa nguvu zangu zote, kiherehere changu. Dhahabu ikatoka. Uso wa binti nao ukatoka, ikabaki mikono na birika. Nikakirudisha kabatini, upande ule ukielekea ukutani.

Madam alikiona kesho yake, akatuita wote wawili. Mwenzangu alisema hajui. Mimi nikasema, "Madam, vikombe anaosha yeye. Hata ni vitu vya kwao." Hayo ya mwisho hakuna aliyeniuliza.

"Halas," akasema madam, yaani yamekwisha, na wiki ile ile mwenzangu akapelekwa Jedda kwa dada yake madam.

Mwaka uliofuata tulikwenda huko na familia, nikamkuta. Alikuwa akifua na kuosha vyoo tu, maana dada mtu alikwishaambiwa asimwachie chombo chochote cha mezani. Alifurahi kuniona kwa dhati. Alinitilia chai kwenye kikombe chake cha plastiki, akakaa karibu yangu.

"Dada," akasema, "nimejiuliza mwaka mzima. Labda ni mimi niliyesugua kile kikombe, nikasahau?"

Nilikunywa chai yake, nikamwambia, "Labda."