Kijiti Nyuma ya Injini

Hakuna kitu kinachoniudhi kama fundi mzembe, na wiki iliyopita nilimpata mmoja.

Baluku, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bwera, aliniletea gari lake la mashindano hapa gereji kwangu Kasese. Lisipokanyagwa mafuta, injini ilitetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nikafunga geji ya kupima mvuto wa hewa, mshale ukabaki chini ya kipimo kinachotakiwa. Nikailaumu kemshafti, ule mhimili unaofungua vali za injini. Nikafungua kabureta mara mbili, nikaapa kwamba aliyeiuza ni mwizi. Mshale haukupanda hata kidogo.

Mwishowe nikapulizia dawa ya kabureta nyuma ya injini, na mlio ukabadilika papo hapo. Kumbe hewa ilikuwa inaingilia huko! Nikapenyeza mkono, nikachomoa kijiti cha mti wa kahawa, kimefungwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mtu alikuwa amezibia nacho tundu la hewa, kikakauka, kikasinyaa.

Nikawaka. Nikawaita mafundi wote wa jirani waje waone.

"Hii ni kazi ya mutu gani? Huyu si fundi, ni muchinjaji! Anyang'anywe spana!"

Wenzangu wakatikisa vichwa. Nikamgeukia Baluku. "Taja jina yake hapa, wote tumujue!"

Baluku, mtu mpole anayeniheshimu sana, akatazama viatu vyake.

"Fundi, ni wewe," akasema taratibu. "Siku ile gari ilinizimikia Kyarumba, ulikata hiyo kijiti ikiwa mbichi. Ukaniambia itadumu kushinda kizibo ya dukani."