Mashine Kumi na Mbili za Presha Zilinisingizia

Mashine kumi na mbili za kupimia presha zilinisingizia ugonjwa ndani ya wiki moja.

Zote mpya. Zote za kwenye boksi. Na zote zilisema uongo uleule.

Nilikuwa muuzaji kwenye duka la vifaa vya hospitali: magongo, glovu, viti vya magurudumu, mashine za presha. Mtaji wangu ulikuwa mdomo. Mteja akiingia, namlainisha kwa maneno, halafu najifunga mkanda wa mashine mkononi mwangu mwenyewe, nabonyeza, unajaa upepo, namba zinatokea.

"Umeona, mama? Rahisi kama kunywa maji."

Namba zenyewe sasa: 158 kwa 102, presha ya mgonjwa kabisa.

Mteja anazitazama. Ananitazama mimi, kijana wa miaka ishirini na tatu, mwembamba kama njiti ya kiberiti.

"Mwanangu, hii mbovu."

Huyo, kaondoka.

Nafungua nyingine. 161 kwa 100. Mteja mwingine huyo.

Mpaka Alhamisi hatukuwa tumeuza hata moja. Bosi akatoka nyuma ya kaunta kama nyuki aliyechokozwa.

"We Mdomo, unanifanyia nini?"

"Bosi, umeletewa takataka."

"Takataka ni wewe! Unakaza mkono makusudi. Umetumwa na yule wa duka la ng'ambo ya barabara?"

Akajifunga mkanda yeye. Mtu wa kitambi, akiinama kufunga viatu anahema kama kapanda mlima. 122 kwa 78, presha safi kabisa.

Akajaribu nyingine. Karibu ileile.

"Haya, mchawi ni nani hapa?"

Akaninyooshea kidole. Mimi!

"Mama yako ndiye aliyekuja kukuombea kazi," akasema. "Kesho aje achukue mzigo wake."

Kesho yake mama akaja. Mama yangu ni dobi, mikono imekomazwa na pasi. Hakuja kuongea, alikuja vitani.

"Wewe ndiye unayemwita mwanangu msaliti? Mtoto mzima huyu! Mashine zako ndizo zinaumwa!"

"Mama, punguza sauti, kuna wateja."

"Wasikie! Hao ndio niliowafuata!"

Miongoni mwa wateja alikuwepo mkunga mstaafu, miwani kwenye ncha ya pua, kaja kununua glovu. Hakuomba ruhusa ya mtu. Akanikalisha kitini na kunikataza kuongea kwa dakika tano. Adhabu gani hiyo, jamani! Akanipima mkono huu, akanipima na ule, namba bado ziko juu. Akamgeukia mama.

"Mimba ya huyu, ulikuwa na presha?"

Nikaruka. "We bibi, usimwingize mama yangu!"

"Nimekuuliza wewe?"

"Tumbo la mama yangu linakuhusu nini?"

"Wewe ndiye uliyekuwa ndani yake, mjinga wewe. Mama akipata presha ya mimba, mtoto naye anaweza kupandisha presha mapema, moyo ukaanza kubeba mizigo ya uzeeni. Si wote. Ndiyo maana wanatakiwa kupimwa."

Nikamtazama mama, nikisubiri amchane bibi wa watu vipande vipande.

Mama akaitazama miguu yake.

"Mama, mjibu basi!"

"Nilivimba miguu mpaka viatu vya baba yake vikanibana," akasema taratibu. "Madaktari wakamtoa miezi haijatimia, tusife wote wawili."

"Hawakukwambia mtoto awe anapimwa?" mkunga akauliza.

"Waliniambia."

"Ukampima?"

Hapo ndipo mama alipolipuka. Lakini hakumlipukia mkunga. Alinilipukia mimi.

"Muulize yeye! Nilimburuta kliniki mpaka akaingia sekondari. Siku walipomwambia presha imeanza kupanda, arudi, nani alichana kadi? Nani aliniigiza mbele ya wenzake, kavimbisha mashavu, kajaza mto tumboni, 'Jamani presha, jamani presha'? Darasa zima likacheka!"

Nikakumbuka.

Na lile darasa lilicheka kweli. Nilirudi nyumbani nikijiona mshindi. Mama hakunipeleka tena, wala hakuwahi kunieleza kwa nini alikuwa ananipeleka.

Bosi wala hakunionea huruma. Alikuwa anawakenulia wateja.

"Mmeona? Mashine zangu nzima! Zimemkamata mgonjwa aliyejificha! Mdomo, rudi kazini, sasa wewe ni tangazo."

Mama akaufungua mkanda mkononi mwangu, akambwagia bosi kifuani.

"Tangaza kitambi chako."

Tukatoka. Akanivuta mkono njia nzima hadi hospitali. Walinipima kwa siku kadhaa, jibu likawa lilelile. Kazi sina, vidonge ninavyo, na mama akinipa maji ya kumezea ananiangalia kwa jicho la kisu.

Kwa hiyo wewe unayemcheka mama yako anapokusumbua na hospitali, muulize kwanza alikubebaje. Na wewe mama uliyepata presha ya mimba, usimburute mtoto tu. Mweleze sababu, hata kama ana mdomo kama wangu.

Mimi nilishangiliwa na darasa zima. Kwenye foleni ya dawa, sijamwona hata mmoja wao.