Kwa Kahindo, macho hayanunui hedifoni

Saa tatu asubuhi, soko la Birere limeshachangamka. Pikipiki zinapiga honi, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wanaomba njia kwa sauti, na katikati ya kelele hizo msichana amesimama mbele ya meza ya mbao, kitenge kimemfunika kichwa kizima kama mgonjwa anayejifukiza. Wapita njia wanacheka waziwazi.

"Usichungulie!" anafoka Kahindo Sikuli. "Ukichungulia, tunaanza tena!"

Kahindo, 43, mzaliwa wa Butembo, anauza hedifoni hapa kwa mwaka wa tisa sasa. Kila mnunuzi sharti akubali kufunikwa. Hataki? Meza ya jirani ile pale, aende kwa amani.

"Batu banachagua na macho," anasema. "Banaona taa, banaona jina kubwa, basi, banalipa. Kufika nyumbani, njo masikio inaanza kulia."

Aliye chini ya kitenge ni Héritière, 23, na hana muda wa kuchekwa. Amepewa kazi ya majaribio: kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno. Asipoyapeleka kesho saa sita mchana, nafasi inakwenda kwa mwingine. Wiki iliyopita alinunua hedifoni nyekundu zenye taa kwa dola kumi na tano. Zinatoa mdundo tu, sauti ya mtu inazama. Sasa amebakiwa na dola nane.

Kahindo hapigi muziki. Ana rekodi yake mwenyewe kwenye simu: mama yake mzazi anachambua maharage na jirani, mvua inapiga bati, kuku wanalalamika.

"Kuko batu ngapi?" anauliza, akimvika za kwanza.

"Babili, Mama."

Anambadilishia, anamvika zile za dola ishirini na tano, zinazong'aa.

"Babili… na mvua. Yoo, mvua mingi!"

Anambadilishia tena. Msichana anaruka. "Batatu! Kuko mutoto anaimba, kule mbali, kwa mulango!"

Watu wanapiga makofi. Kitenge kinaondolewa, na uso wa Héritière unasinyaa: mkononi ana kitu cha kijivu, kizito, chenye waya mnene, kisicho na jina. Dola saba.

"Mama, iko mubaya hivi?"

"Unaenda nayo ndoa? Pindisha waya hapa karibu na tundu. Sauti inakatika? Haikatiki. Vaa, tembea, rudi. Masikio inauma? Haiumi. Basi, lipa, uende kazi!"

Ujuzi huo haukuja bure. Miaka minne iliyopita Kahindo alinunua katoni nzima kwa kuamini picha iliyokuwa juu ya boksi. Alipofungua, zote zilitoa sauti sikio moja tu. Alilia siku mbili. Waliomwokoa ni waendesha pikipiki: wao walizipenda hivyohivyo, sikio moja la muziki, jingine la barabara. Zilikwisha ndani ya mwezi. Mpaka leo anapolisimulia jambo hilo, anacheka mpaka anashika meza.

Siku nzuri anauza tano, kila moja ikimwachia faida ya dola moja na kidogo. Kwa faida hiyo hiyo anasomesha watoto wawili.

Kesho yake, saa sita inapopita, Kahindo anaitazama barabara kila mara. Sahani yake ya sombe, yaani kisamvu, inapoa. "Nikimukosea, amepoteza kazi juu ya mudomo yangu," anasema.

Saa nane Héritière anatokea, anatembea kwa haraka, hedifoni za kijivu zikiwa shingoni.

"Banakukamata ku kazi?" Kahindo anauliza kabla hajasalimiwa.

"Bananikamata, Mama! Naanza lundi!"

Ameajiriwa, anaanza Jumatatu. Kahindo anapiga kigelegele mpaka muuza sukari wa jirani anageuka. Msichana anaeleza. Katika mahojiano hayo kulikuwa na mama wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga aliyejibu chinichini, mvua ikipiga hema. Wenzake wote wa majaribio waliandika neno moja: haisikiki.

"Mimi nilimusikia, Mama."

"Alisema nini?"

"Alisema haombi unga. Anaomba mbegu ya maharage, arudi kulima kwake."

Kahindo anafuta macho kwa kiganja, wala haoni aibu.

Ana mpango. Anaweka akiba ili mwakani, njia ikiruhusu, avuke mpaka wa Bunagana hadi Kampala akachague bidhaa mwenyewe, moja moja, badala ya kuletewa katoni zilizofungwa. Anataka mia moja za aina hii ya kijivu.

"Batasema ziko mubaya. Baseme!" anasema, akivuta sahani yake iliyopoa. "Mama yule alisema maneno ya maana vile, na batu bote banamuandika haisikiki? Hapana. Nitaleta mia."